Kuogopa Kushindwa

Katika shule moja iliyo juu ya Moshi, mahali ambapo migomba inakaribia kukoma na msitu wa mlima unaanza, palikuwa na kijana wa darasa la sita ambaye hapakuwa na mtu wa kumshinda mbio. Jioni, watoto walipopanda kutoka tambarare na mizigo ya majani ya ng'ombe vichwani, yeye alitangulia kufika nyumbani, wala mzigo wake haukuwa mdogo kuliko ya wengine. Wenzake walimjua, na walimu walimjua. Lakini siku ya michezo ilipofika, alisema mguu unamwuma. Mwaka uliofuata alisema ni tumbo.

Mwalimu wake alikuwa mtu wa kutazama mambo bila haraka, naye hakumkemea. Aliona jambo jingine. Kijana huyo akikosea herufi moja katika daftari, hakuikata. Aling'oa ukurasa wote akaanza upya. Kwa hiyo daftari lake lilikuwa safi kuliko yote, tena jembamba kuliko yote. Katika mtihani wa hesabu wenzake walijaribu maswali yote kumi, wakakosa mawili au matatu. Yeye alijibu manne tu, yote sawasawa, kwa mwandiko mzuri sana. Kengele ikalia angali akifikiri la tano, aliandike au asiliandike.

Watu wengine wangemwita mvivu, na wangekosea, maana mvivu hang'oi ukurasa. Ugonjwa huu hufanana na bidii, ndiyo sababu ni vigumu kuutambua. Mwenye bidii hutaka kazi yake iwe njema. Huyu hutaka pasionekane kosa lolote ndani yake. Na kwa kuwa kazi isiyoanzwa haina kosa, huona ni salama kutoianza. Asiyekimbia hawezi kuitwa wa pili. Asiyejibu hawezi kuchekwa. Hivyo mtu huweza kukaa miaka mingi na sifa aliyopewa na wenzake, akiilinda kama yai, asithubutu kuitumia hata mara moja.

Asubuhi moja mawingu yalikuwa yameondoka, na Kibo imesimama wazi juu ya msitu. Mwalimu akamwita kijana kando ya uwanja, akamwuliza, "Mwanangu, ni nani waliofika kwanza juu ya kilele kile, kwa habari zilizoandikwa?"

Kijana akajibu upesi, "Hans Meyer, Mwalimu, pamoja na Ludwig Purtscheller, mwaka 1889."

"Vema. Naye Meyer alijaribu mara ngapi?"

Kijana akanyamaza. Kitabu chake hakikusema. Vitabu vingi havisemi. Hutaja mwaka wa kufika tu, kana kwamba mtu yule aliamka, akapanda, akashuka kula chakula cha jioni.

Habari yenyewe ni ndefu zaidi, wala haikuanza na Wazungu. Wazee wa Machame walisimulia kwamba Mangi Rengua alipeleka watu juu ya mlima wakachunguze kile kitu cheupe kinachong'aa, na wengi wao hawakurudi. Mnamo tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann alikuwa akisafiri kuja Uchagga, akaona weupe juu ya mlima, akamwuliza kiongozi wake ni kitu gani. Kiongozi akamwambia ni baridi. Rebmann alitoka katika nchi ya theluji, akafahamu mara moja. Alipoandika habari hiyo, bwana mmoja wa London aliyeitwa Cooley, mjuzi wa ramani ambaye hakupata kuukanyaga mlima huo, alikana kabisa kwamba theluji yaweza kuwapo karibu na ikweta. Baadaye wakaja wengine. Baron von der Decken alijaribu mwaka 1861, akarudishwa na hali ya hewa. Akajaribu tena mwaka 1862 pamoja na Otto Kersten, akafika juu zaidi, karibu mita 4,300, akarudi. Mwaka 1871 Charles New alifika penye theluji, naye akarudi. Kila mmoja alirudi, na kila mmoja aliacha nyuma yake habari ya njia.

Hans Meyer alikuwa Mjerumani, au Mdachi kama wazee walivyosema, wa ukoo wa wachapaji wa vitabu. Alikuja mara ya kwanza mwaka 1887, akiwa na umri wa miaka 29. Alipanda mpaka penye ukingo wa barafu ya Kibo, na hapo akasimama. Barafu ilikuwa kama ukuta, na yeye hakuwa na vyombo vya kuipandia. Akashuka. Mtu mwenye kuogopa kushindwa angesema mlima haupandiki, ili kosa liwe la mlima. Meyer alichukua somo jingine: alijua sasa ni kitu gani kinakosekana.

Mwaka 1888 akaja tena, pamoja na Oscar Baumann, mchora ramani. Safari hii hata mlima hawakuufikia. Vita vya Bushiri bin Salim vilikuwa vimeanza pwani, watu wakiupinga utawala wa Wajerumani, nao wawili wakakamatwa, wakatiwa minyororo, wakaachiliwa baada ya kutoa fedha za ukombozi. Mali yao ikapotea. Haifai kumhurumia Meyer kupita kiasi, maana watu wa pwani walikuwa wakipigania nchi yao. Lakini kwa upande wa safari yake, hiyo ilikuwa mara ya pili ya kurudi mikono mitupu, na mara hii kwa sababu isiyohusu miguu yake wala akili yake. Mambo ya namna hiyo yapo pia. Mtu aweza kujiandaa vizuri na bado asifike.

Mwaka 1889 alikuja mara ya tatu, na hapa ndipo penye jambo la kutazamwa sana. Alimleta Purtscheller, mtu wa Austria aliyezoea kupanda milima ya barafu ya Ulaya, pamoja na kamba na mashoka ya barafu. Mangi Marealle wa Marangu aliwapokea. Meyer hakupanga kupanda mara moja na kufika. Alipanga kambi moja Marangu, ya pili juu ya msitu, na ya tatu juu kabisa, chini ya Kibo, kwenye mita 4,300 hivi. Wapagazi waliendelea kupandisha chakula kutoka chini kila baada ya siku chache. Sababu yake ilikuwa hii: wakishindwa siku ya kwanza, wasilazimike kushuka mpaka Marangu, bali walale karibu, wale, wajaribu tena. Yaani katika mipango yake mwenyewe aliweka nafasi ya kushindwa, kama vile mjenzi anavyoagiza matofali yanayozidi hesabu kwa kuwa anajua mengine yatavunjika.

Mambo haya hayakufanywa na watu wawili. Katika kambi ya juu alikaa nao mtu wa Pangani aitwaye Mwini Amani, mtu wa pwani ya joto, akivumilia baridi ya usiku ambayo wazee wake hawakupata kuijua. Watu wa Marangu nao humkumbuka Yohani Kinyala Lauwo kuwa ndiye aliyewaongoza wageni hao, naye aliheshimiwa sana mwaka 1989, miaka mia ilipotimia tangu kilele kufikiwa.

Tarehe 3 Oktoba, saa nane na nusu za usiku, Meyer na Purtscheller waliondoka kambini. Walipita gizani kati ya mawe, wakipanda na kuteleza. Asubuhi wakafika penye barafu. Ilikuwa ngumu na yenye mteremko mkali, hata mguu haukuweza kusimama juu yake. Purtscheller akashika shoka, akaanza kuchonga vikanyagio, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kilitaka mapigo mengi. Hewa ya huko juu ni nyembamba. Kila baada ya hatua chache walisimama kuhema, vifua vikiuma. Mchana wakafika kwenye ukingo wa juu, wakatazama, na mbele yao likafunguka shimo kubwa la mlima wa moto wa zamani. Kabla yao hapakuwa na mtu aliyeandika kwamba Kibo ina shimo juu yake.

Lakini ukingo ule haukuwa kilele. Kilele kilionekana upande wa kusini, juu kidogo, mwendo wa kama saa moja na nusu tena. Wao walikuwa wamechoka kabisa, mchana umekwisha kwenda, wala hawakuwa na kitu cha kulalia usiku katika barafu.

Na mwanafunzi afikiri juu ya saa ile. Safari tatu kutoka Ulaya. Minyororo ya mwaka uliopita. Na kilele kinaonekana kwa macho. Yule asiyevumilia kupungukiwa hata kidogo angeendelea, na labda maiti wawili wangebaki juu ya mlima. Au angeshuka kwa aibu, akafunga mizigo na kwenda zake pwani. Hawa hawakufanya hili wala lile. Waligeuka, wakashuka hemani, wakala, wakalala. Walipumzika. Kisha wakasogeza malazi yao juu zaidi, wakalala chini ya mwamba ili safari ya asubuhi iwe fupi. Tarehe 6 Oktoba wakapanda tena. Nao walipofika penye barafu walivikuta vile vikanyagio vya siku ya tatu bado vipo, vimeyeyuka kidogo tu, lakini vinakanyagika. Kazi iliyowachosha siku waliyorudi ndiyo iliyowapandisha upesi siku waliyofika. Saa nne na nusu asubuhi walikuwa wamesimama juu ya kilele.

Meyer alisimika bendera ya nchi yake na kukipa kilele jina la mfalme wake. Jina hilo limeondoka. Baada ya nchi kupata uhuru kilele kikaitwa Uhuru, nacho kina urefu wa mita 5,895 juu ya bahari. Barafu nayo imepungua sana tangu siku zile, hata wapandao leo kwa njia ya Marangu hutembea sehemu kubwa juu ya kokoto na mchanga.

Wala haikuwa mwisho wa kushindwa kwake. Baada ya Kibo, Meyer na mwenzake walikwenda Mawenzi, ambayo ni fupi kuliko Kibo lakini ina miamba iliyochongoka kama meno. Walijaribu, wakafika juu ya kilele kidogo tu cha pembeni. Meyer akawa mgonjwa, wakarudi. Kilele kikubwa cha Mawenzi hakikufikiwa mpaka mwaka 1912, na Eduard Oehler na Fritz Klute. Hata hivyo leo kilele hicho cha Mawenzi chaitwa kwa jina la Meyer, ambaye hakukifika. Meyer mwenyewe alieleza katika kitabu chake habari za kurudi kwake kama alivyoeleza za kufika, wala watu hawakumdharau kwa hilo.

Kijana alisikiliza yote haya huku akichora udongo kwa kidole cha mguu. Kisha akasema, "Mwalimu, huyo alikuwa peke yake na mwenzake mlimani. Hapakuwa na watu wa kumtazama."

Neno hili lilikuwa la kweli, na mwalimu alilipokea. Kupanda mlima ni kitu kimoja. Kushindwa uwanjani, mbele ya macho ya watu, ni kitu kingine. Basi akamweleza habari ya John Stephen Akhwari, mtu wa Mbulu, aliyeiwakilisha Tanzania katika mbio ndefu za Olimpiki kule Mexico mwaka 1968. Mji wa Mexico uko juu, zaidi ya mita 2,200, na hewa yake iliwasumbua wakimbiaji wengi. Akhwari alishikwa na mkakamao wa misuli, kisha katika msongamano wa watu akaanguka, akaumia vibaya goti na bega. Akafungwa bandeji, akaendelea, mara akikimbia, mara akichechemea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa amekwisha kushinda zaidi ya saa moja kabla. Jua lilikuwa limekuchwa na watu wengi wamekwisha kwenda zao, Akhwari alipoingia uwanjani, wa mwisho katika wote waliomaliza. Wachache waliobaki walisimama wakampigia makofi. Baadaye alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwa maana hii: nchi yake haikumtuma mbali hivyo ili aanze mbio, bali ili azimalize.

Watu wengi hawakumbuki ni nani alikuwa wa tano siku hiyo, wala wa kumi. Akhwari wanamkumbuka. Tena hakuwa mkimbiaji dhaifu aliyesifiwa kwa kuhurumiwa: mwaka 1970, katika michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, alikuwa wa tano katika mbio hizo hizo ndefu.

Mwalimu hakuishia hapo, ingawa hadithi ingependeza zaidi kuishia hapo. Aliongeza kwamba katika mbio zile zile za Mexico alikuwamo Abebe Bikila wa Ethiopia, mshindi wa mwaka 1960 na wa mwaka 1964, ambaye hapakuwa na mkimbiaji wa mbio ndefu aliyemzidi sifa duniani. Naye alikuwa ameumia mguu, na kabla ya kufika nusu ya njia aliacha mbio. Hapana mtu mwenye akili anayemwita Bikila mwoga.

Hapo kijana akainua kichwa. "Kama kuendelea ni sifa, na kuacha si aibu, mtu atajuaje afanye lipi?"

Ni swali gumu, na mwalimu alikaa kimya kitambo kabla ya kulijibu. Mwisho akasema, "Tazama kinachokusimamisha. Kama ni mguu uliovunjika, au usiku, au dhoruba, simama. Hizo ni sababu. Kama ni macho ya watu tu, hiyo si sababu, ijapokuwa inauma kuliko mguu."

Waongozaji wa mlimani wanaijua tofauti hiyo vizuri kuliko walimu. Juu ya Kibo mtu akivuta pumzi hupata kama nusu tu ya oksijeni aipatayo pwani. Mwili wahitaji siku kadhaa kuzoea, na vijana wenye nguvu wanaoharakisha siku ya kwanza ndio mara nyingi wanaougua. Kwa hiyo waongozaji huwaambia wageni "pole pole" tangu langoni. Mgeni akiumwa kichwa kidogo, humpumzisha na kumtazama. Akiwa anayumba kama mlevi na maneno yake hayaeleweki, humteremsha upesi hata akilia kwamba ametoka mbali na kulipa fedha nyingi. Aliyeteremshwa hivyo aweza kurudi mwaka mwingine. Mwongozaji mwenyewe, aliyefika kileleni mara nyingi asizihesabu, hamcheki.

Na tena si lazima kutafuta mifano juu ya barafu. Mwalimu akamwuliza kijana, "Babu yako yumo katika ukoo wenye mfongo. Mvua kubwa zikija, banio hufanyikaje?"

"Huchukuliwa na maji, Mwalimu."

"Kila mwaka?"

"Karibu kila mwaka."

"Na babu huona haya?"

Kijana akacheka, maana hakupata kufikiri kwamba mzee aweza kuona haya kwa sababu mto umefurika. Banio la mfongo wa Kichagga tangu zamani lilijengwa kwa mawe, matawi na majani yenye udongo, na waliolijenga walijua kwamba mafuriko yatalibomoa. Siku ya kulitengeneza ikipigiwa mbiu, watu hutoka na majembe, na asiyefika hutozwa faini. Atozwaye ni yule asiyekuja kazini. Aliyekuja akaweka jiwe likasombwa na maji hatozwi kitu. Hutafuta jiwe jingine. Kwa mwendo huo maji yamefika katika migomba na kahawa kwa vizazi vingi, kupitia mifereji iliyochimbwa bila kipimo kingine ila jicho la mchimbaji na maji yenyewe: yakikataa kwenda, alijua amekosea, akachimba upya. Wahunzi nao wana msemo wao, kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Siku ya michezo ya mwaka ule kijana alikuja uwanjani. Uso wake ulikuwa umekauka, na mara mbili alikwenda nyuma ya darasa kana kwamba anataka kutapika. Hofu haikumtoka kwa maneno ya mwalimu, wala mwalimu hakutazamia imtoke. Walipopangwa kwenye mstari alikuwa wa pembeni. Filimbi ikapigwa. Alitangulia mzunguko wa kwanza, kama wote walivyotazamia. Lakini hakuwa amepata kushindana, hakujua kuzigawanya nguvu zake, na katika mzunguko wa tatu kijana mmoja wa darasa la tano, mfupi, mwenye miguu iliyopinda kidogo, alimpita. Kisha wengine wawili wakampita. Watu wakapiga kelele, wengine wakicheka. Alimaliza wa nne.

Mwalimu hakumwendea siku hiyo. Jumatatu alikusanya madaftari ya hesabu, akaketi kuyasahihisha. Katika daftari lile jembamba alikuta ukurasa mmoja ambao haukung'olewa. Katikati yake palikuwa na jibu lililokosewa, limekatwa kwa mstari mmoja, na chini yake kijana ameendelea mpaka hesabu ya kumi.